Tope la oili kwenye injini iliyosahaulika: fungua kwanza, washa baadaye

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Honda CB350 ya mwaka 1971. Alipoacha kuiendesha aliendelea kuiwasha kila Jumapili dakika 5 bandani ili isife, mpaka alipougua. Tangu hapo imesimama miaka 9. Nimefungua kifuniko cha kujazia oili nikakuta uji mweupe, na kijiti cha kupimia kimetoka na tope jeusi zito. Fundi wa kwanza kaniambia nichanganye oili na dizeli nusu kwa nusu, niiwashe dakika 10, nimwage. Wa pili kasema nisithubutu kuweka oili ya kisasa kwa sababu ina sabuni, itang'oa tope lote kwa mkupuo na kuziba njia. Nimsikilize yupi? Na baadaye niendelee kuiwasha kila wiki kama alivyofanya baba?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Kabla ya lolote: kama hujapiga kiki, usipige. Usibonyeze starta, usiisukume ikiwa kwenye gia, hata kwa kutaka tu kujua kama bado inazunguka. Injini iliyosimama miaka 9 haitadhurika kwa kungoja wiki 2 zaidi. Ikiwashwa nusu dakika bila oili kufika juu itadhurika, na kwenye injini hii madhara hayo hayasafishiki.

Mafundi wako wote wawili nimewaelewa. Wa dizeli amekosea. Wa sabuni ameona jambo la kweli, ila hukumu aliyoitoa siikubali. Na wote wawili wamesahau kwamba tope baya kuliko yote katika injini yako limekaa mahali ambapo hakuna kimiminika kinachoweza kulitoa, iwe dizeli au oili ya aina yoyote. Limo kwenye kikombe kilicho mwishoni mwa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na hutolewa kwa mkono.

Tuanze na ule uji mweupe, maana nadhani ndio uliokutia hofu. Ungeuona kwenye injini inayopozwa kwa maji, ningekwambia tuitazame gasketi ya silinda hedi. CB350 inapozwa na hewa. Haina rejeta wala tone la maji la kuvuja. Maji hayo yametoka kwenye petroli yenyewe. Petroli ina haidrojeni, nayo ikiungua hushikana na oksijeni ya hewa ikawa maji. Lita 1 ya petroli iliyoungua huzaa takribani lita 1 ya maji, yakiwa mvuke. Sehemu kubwa hutoka na moshi kwenye ekzosi. Kiasi kidogo hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye oili, kikifuatana na masizi, petroli isiyoungua na gesi zenye asidi. Pikipiki ikienda barabarani nusu saa au zaidi, oili hupanda hadi nyuzijoto 80 au 100, mvuke ukatoka kwa mpira wa kupumulia, na kesho yake ukifungua hukuti kitu. Ikiwashwa dakika 5 bandani mambo ni mengine. Choki imevutwa, petroli inayoingia ni nyingi, na chuma bado ni baridi. Mvuke unagusa kuta za ndani, unageuka matone, matone yanachapwa na gia na oili mpaka yanakuwa uji. Kabla maji hayajapata joto la kuyaondoa, injini imezimwa. Jumapili inayofuata, hivyo hivyo.

Baba yako hakuwa mzembe. Alifanya kile ambacho karibu kila anayeipenda mashine yake hukifanya. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo ya kazi hii nilikuwa nikiwashauri watu hivyo hivyo, mpaka nilipoanza kuzifungua injini zao.

Sasa yale maji ndiyo yanayoyafunga mengine pamoja. Chembe ya masizi ni ndogo mno, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na peke yake huelea kwenye oili bila madhara makubwa. Oili ikiwa nzuri, dawa zilizomo huizunguka kila chembe na kuizuia isishikane na mwenzake. Maji na asidi vikizidi, dawa hizo huisha. Chembe zinashikana, zinakuwa madonge, madonge yanatua. Juu ya hapo, kwenye CB350 oili moja inahudumia injini, gia na klachi, kwa hiyo unga wa sahani za klachi na chembe za chuma za gia navyo vimo. Na oili yenyewe huzeeka kwa joto: kila joto likipanda nyuzi 10 hivi, kasi ya kuzeeka kwake inakaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo sababu ukifungua injini ya zamani unakuta sehemu za juu, karibu na valvu, zimepakwa rangi ya kahawia iliyokauka kama vanishi, ilhali chini kuna tope jeusi.

Hapo ndipo tunafika kwenye kile kikombe. CB350 haina filta ya karatasi. Honda walitengeneza injini hii kuanzia mwaka 1968 hadi 1973, na kazi ya kuchuja waliipa filta ya kuzunguka, iliyofungwa kwenye ncha ya kulia ya krenki. Inazunguka kwa kasi ileile ya krenki. Oili ya pampu huingia ndani yake, uchafu mzito hurushwa pembeni na kuganda ukutani, oili safi huendelea na safari. Nguvu yake si ya kubeza: krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, chembe iliyo sentimita 3 kutoka katikati husukumwa nje kwa nguvu ya takribani mara 1,200 ya uzito wake. Uchafu uliobanwa kwa nguvu hiyo kwa miaka hauwi tope tena. Unakuwa udongo. Nimeshika mkononi pete nzima iliyotoka kwenye kikombe kama hicho, ya kijivu iliyokolea, unene wake kama kidole cha mwisho, na nilipoivunja ilionyesha matabaka kama gome la mti. Ukisugua kipande chake kati ya kidole gumba na cha shahada unasikia mchanga, na kidole kinabaki kinameta.

Filta hii ni nzuri sana mradi isafishwe. Ubaya wake ni kwamba haitoi onyo. Filta ya karatasi ikiziba kuna valvu ya kupitisha oili pembeni. Kikombe kikijaa, oili inapita katikati ikiwa na uchafu wake wote, inakwenda kwenye krenki na kwenye kamshafti, ule mhimili wa juu unaofungua valvu, kama kwamba hakuna filta. Na wengi walionunua pikipiki hizi hawakujua kuwa ipo, kwa sababu ukimwaga oili huioni. Mwaka 1969 Honda CB750 ilikuja na filta ya karatasi ya kubadilisha, na mwaka huohuo BMW wakaleta pikipiki za mfululizo wa /5 nazo zikiwa na filta ya karatasi, lakini kikombe cha kuzunguka hakikufa. Honda CG125 ya mwaka 1976 bado ilikuwa nacho, na injini nyingi zilizoigwa kutoka kwake zinacho hadi leo bila wenye nazo kujua.

Sasa fikiria ushauri wa dizeli. Nusu ya oili ni dizeli. Ule utandu wa oili unaotenganisha chuma na chuma hutegemea uzito wa oili; ukiipunguza uzito kiasi hicho, utandu unakatika. Kwenye injini nyingine ungeweza kuponea chupuchupu, kwenye CB350 mahali pa kuumia panajulikana: kamshafti yake haikai kwenye beringi. Ncha zake zinazunguka moja kwa moja ndani ya vifuniko vya alumini vya pembeni ya silinda hedi. Hakuna bushi, hakuna rola, ni chuma ndani ya alumini na utandu wa oili katikati. Sehemu hiyo ndiyo ya mwisho kupata oili na ya kwanza kuikosa. Ikikauka sekunde chache alumini inachunika, na kifuniko hicho hakichongwi kikarudi kuwa kipya kirahisi, unatafuta kingine. Tena dizeli italainisha madonge yaliyo kwenye sakafu ya injini, yafuate oili hadi kwenye wavu wa pampu na kuufunika. Na udongo wa kwenye kikombe? Dakika 10 za dizeli hata hazitaugusa. Umehatarisha kila kitu, na adui amebaki palepale.

Kuhusu sabuni, nimpe fundi wa pili haki yake. Oili za kisasa zina dawa za namna mbili ambazo watu huzichanganya. Moja husafisha sehemu za moto, hasa mifereji ya ringi, na kuua asidi. Nyingine huzibeba chembe zisishikane, zikaondoka na oili siku ya kumwaga. Zamani oili nyingi hazikuwa na dawa hizi, na waliounda injini walitaka uchafu utue mahali walipopachagua wao. Kwa hiyo ukiiweka oili ya leo kwenye injini iliyojaa tope la miaka, ni kweli italilainisha tope hilo na kuanza kulisogeza. Ila hufanya hivyo polepole, kwa kilomita mamia. Na hatari yenyewe inatoka kwenye tope lililoachwa ndani. Ukishalitoa kwa mkono, oili yenye dawa ndiyo rafiki mkubwa wa injini yako. Ukimfuata fundi huyu na kuweka oili isiyo na dawa, tope jipya litaanza kutua juu ya lile la zamani tangu siku ya kwanza.

Nimeona niseme neno na wenye pikipiki za Uingereza pia, maana wengi huniuliza swali hilihili na kwao jibu ni gumu zaidi. Kwenye Triumph na BSA za silinda mbili za enzi hizo, mtego wa tope umo ndani ya krenki yenyewe: bomba jembamba lililoingizwa kwenye tundu la krenki, limefungwa kwa plagi ya kukazwa, na bolti moja ya gurudumu zito la krenki inapita na kulishikilia lisizunguke. Oili ya beringi za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, inapita hapo. Bomba likijaa, tundu la kwendea kwenye beringi linazibwa, na konrodi inanoki bila dalili yoyote kwenye geji, kwa sababu presha inapimwa kabla ya hapo. Niliwahi kufungua krenki ya Triumph ya sentimita za ujazo 650 ambayo mwenyewe alikuwa akibadilisha oili kwa uaminifu mkubwa. Ile plagi ilibidi niichimbe alama ya ponchi iliyoifunga, niipashe moto, ndipo ikakubali. Bomba lilitoka kama mshumaa mweusi. Nililisukuma kwa kijiti, uchafu ukatoka mzima umeshika umbo la bomba, na katikati yake palikuwa na njia ya oili inayotosha njiti ya kiberiti. Upande wa konrodi ya pili njia hiyo haikuwapo kabisa. Krenki hiyo haisafishiki bila kupasua injini, na ukiinunua pikipiki ya namna hiyo bila kujua historia yake, ihesabu kuwa imejaa. BMW za kabla ya 1969, kama R69S, zina mabamba ya duara yenye kingo zilizokunjwa kwenye krenki kwa kazi hiyohiyo, nazo zikijaa beringi za konrodi hufa njaa vilevile.

Pikipiki hizo za Uingereza zina ugonjwa mwingine wa kusimama: oili iko kwenye tangi la pembeni, na taratibu hupenya kwenye pampu ikashuka chini ya krenki. Mwenyewe anaona tangi tupu, anaongeza oili, anapiga kiki, oili inatapika kila upenyo. Mwaga ya chini kwanza, halafu ndiyo uhukumu tangi. Wapo wanaofunga koki kwenye bomba la oili kuzuia hilo. Mimi siwafungii watu koki hiyo. Siku moja tu ukisahau kuifungua, injini imekwisha.

Turudi kwako. Toa plagi zote mbili za cheche, umulike ndani ya silinda kwa tochi ndogo. Unatafuta kutu kwenye kuta za silinda. Mimina kama vijiko 2 vya chai vya oili nyepesi kila upande na uiache siku 3 au 4, maana ringi zilizonata zikilazimishwa kuzunguka huvunjika au kukwangua silinda. Wakati zinaloweka, mwaga oili ya injini ikiwa baridi. Najua umezoea kusikia kuwa oili humwagwa ikiwa ya moto. Hiyo ni kwa injini inayotumika. Kwako ubaridi unafaa kwa sababu maji ni mazito kuliko oili, yamelala chini kabisa, na ndiyo yatakayotangulia kutoka. Fungua bolti taratibu, kinga kwa chombo cheupe. Pengine utaona kwanza maji ya rangi ya chai yenye harufu kali ya uchachu, halafu oili. Usiimwage yote, weka nusu chupa kwenye chupa safi ya kioo, uiache usiku kucha.

Kesho yake isome chupa hiyo. Pitisha sumaku nje ya kioo: kinachoifuata ni chuma. Mng'aro laini kama wa rangi ya fedha usiofuata sumaku ni alumini, na ukiwa mwingi macho yako yaende kwenye vifuniko vya kamshafti. Nyuzinyuzi nyeusi au za kahawia ni za klachi, hizo hazinisumbui. Vipande vyenye ncha vya chuma kigumu, vinavyokwaruza kucha, vinanisumbua sana; ukivikuta acha kila kitu, injini ipasuliwe.

Kisha fungua upande wa kulia. Kwenye kifuniko kikubwa cha klachi kuna kifuniko kidogo cha duara. Nyuma yake ndipo kilipo kikombe. Kuna seklipu, ile pete ya chuma inayotolewa kwa koleo lenye ncha, halafu mfuniko wa alumini uliobana. Usiuchokonoe kwa bisibisi. Katikati una tundu lenye nyuzi za bolti ya milimita 6: ingiza bolti, uvute kwa bolti hiyo sawasawa bila kuinamisha upande. Ila kwa injini iliyokaa kama yako nakushauri utoe kifuniko kikubwa kizima, maana pampu na wavu wake viko nyuma ya hapo, na pampu hiyo inasukumwa na mkono unaochezeshwa na kikapu cha klachi. Wavu utaukuta umefunikwa na utando mweusi kama jeli. Angalia ndani ya jeli hiyo kama kuna vijinyuzi vya silikoni, vyekundu, vya kijivu au vya bluu. Hii ni balaa ambayo mafundi tumeileta wenyewe. Mtu anapaka silikoni nene kwenye gasketi ili isivuje, inayozidi inajiviringa ndani ya injini, inakatika, inakwenda kuziba tundu la oili lenye upana wa milimita 1 au 2. Nimeona kamshafti iliyokufa kwa kipande cha silikoni kilicho kidogo kuliko punje ya mchele. Gasketi mpya ya karatasi iliyopakwa oili kidogo inatosha, kama nyuso zimesafishwa na hazikukwanguliwa kwa patasi.

Udongo wa kwenye kikombe uukwangue kwa kijiti cha mbao au plastiki ngumu, ukianzia pembeni kuja katikati, huku umeziba tundu la krenki lililo katikati kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Tundu hilo ndiyo njia ya kwenda kwenye beringi za krenki. Donge likiingia humo umejitengenezea tatizo jipya. Baada ya hapo brashi na mafuta ya taa, kitambaa, na mwisho oili safi. Mafuta ya taa nayakubali hapa, kwenye kipande kilicho mkononi mwako. Ndani ya injini inayozunguka siyakubali. Kwenye kifuniko cha nje kuna kibomba kidogo chenye springi kinachoingiza oili kwenye kikombe; kibonyeze kwa kidole, kiingie na kutoka bila kukwama. Mara nyingi ndicho kinachosahaulika.

Juu, fungua vifuniko vya valvu utazame roka, ile mikono inayosukuma valvu, na nundu za kamshafti zinazoiinua. Zungusha injini polepole sasa, plagi zikiwa nje, kwa spana, si kwa kiki. Pitisha ukucha juu ya kila nundu. Ukucha ukiteleza kama juu ya kioo, vizuri. Ukikwama kwenye vishimo vidogo vya kutu, nundu hiyo itamla roka wake. Shika ncha ya kamshafti uisukume juu na chini. Ukisikia inagonga, alumini imeshaliwa. Njia za oili za kwenda juu zipulizwe kwa kompresa kutoka upande wa juu kurudi chini, ili uchafu usisukumwe kwenye vitundu vyembamba zaidi. Pasipopitisha upepo, tumia mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, uliolainishwa na oili. Waya wa chuma hukwaruza alumini na ukikatika humo hutautoa.

Kabla ya kufunga, jaza pampu oili kwa mkono na umwagie kamshafti oili ya kutosha mpaka vibwawa vilivyo chini ya nundu vijae. Weka oili mpya. Plagi zikiwa bado nje, piga kiki taratibu, pumzika, piga tena, huku mwenzako akimulika kwenye roka. Inaweza kuchukua muda mrefu kuliko subira yako. Utaiona oili ikianza kulowanisha kwanza upande mmoja, kisha mwingine. Ninachokuomba mwanangu ni hiki: oili isipoonekana pande zote mbili, usiiwashe. Usijiambie kuwa ikiwaka pampu itapata nguvu. Rudi nyuma utafute palipoziba.

Ikionekana, funga, washa, iache ingurume kwa mwendo wa chini kuliko wa kati bila kuivuta, na isikilize. Mlio wa tiki-tiki wa valvu unaopungua ndani ya dakika 1 ni wa kawaida. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaoendana na kasi, zima papo hapo. Krenki ya CB350 ina beringi za rola, na kutu ya maji yale ya Jumapili huzitoboa vishimo. Rola zikishapata vishimo hunguruma kama jiwe la kusagia, na oili hainyamazishi hilo. Moshi wa bluu wa dakika chache za kwanza usikutishe, ni ile oili uliyoimimina kwenye silinda. Ukiendelea baada ya kilomita 200 hivi, ringi hazikuachia.

Oili ya kwanza usiipende. Imwage ikiwa ya moto baada ya kuendesha nusu saa. Ya pili imwage baada ya kilomita 100 hadi 150, na hapo ufungue tena kile kikombe. Utakuta kimekusanya tope jipya, laini, kwa sababu dawa za oili zimeanza kuling'oa lililobaki kwenye kona ambazo mkono haukufika. Hapo ndipo ule usemi wa fundi wa pili unageuka kuwa faida kwako. Ya tatu baada ya kilomita 500. Kuanzia hapo kila kilomita 1,500, na kikombe kila mara ya pili. Watu wananiona mkali kwenye hesabu hii, ila injini isiyo na filta ya karatasi inategemea kumwaga. Masizi yaliyobebwa na dawa ni madogo mno kurushwa na kikombe, hayana njia ya kutoka isipokuwa kwenye bolti ya chini.

Chagua oili ya kawaida ya pikipiki, 10W-40, au 20W-50 kama mahali ulipo pana joto kali, yenye alama ya JASO MA. Kipimo hicho cha Kijapani kilianzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya injini ambazo klachi inaogelea kwenye oili ileile. Oili ya magari iliyoandikwa kuwa inaokoa mafuta usiiweke: ina dawa za kuteleza zinazofanya klachi iteleze, na nyingi zimepunguzwa fosforasi, wakati roka zako zinaburuza juu ya nundu na zinaihitaji zinki na fosforasi hiyo. Oili ghali ya sintetiki si lazima. Fedha hiyo itumie kubadilisha ya kawaida mara kwa mara.

Na lile swali la mwisho, kuhusu kuiwasha kila wiki. Hapana. Ukitaka kuiwasha, iendeshe nusu saa barabarani mpaka huwezi kuweka kiganja juu ya kasha la injini, ndipo uizime. Ukijua itakaa miezi bila kutembea, iendeshe mara moja ipate moto, mwaga oili ile ingali na asidi zake, jaza mpya, izungushe kwa kiki mara chache bila kuiwasha ili oili hiyo ifike kila mahali, tia kijiko kimoja cha oili kwenye kila tundu la plagi, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa oili, na uiache. Ukiikumbuka katikati ya miezi hiyo, ifute vumbi.